Warsha ya siku moja: mtazame asiye na zamu

Usukumani ngoma haisubiri waamuzi wenye karatasi. Mavuno yakiisha, Bagika na Bagalu, wafuasi wa waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha, hukutana uwanjani na kucheza kwa wakati mmoja, kila upande na manju wake. Mshindi ni aliyevuta watu wengi. Watazamaji huamua kwa miguu: wakichoshwa huku, wanahamia kule. Sijaona kipimo kikali kuliko hicho, na ndicho ninachokitumia kupimia jambo dogo zaidi: warsha ya siku moja ya sanaa za maonyesho, ile ambayo shule ya msingi katika mji wa reli kama Malampaka, wilayani Maswa, ikibahatika huipata mara moja kwa mwaka.

Shida ni kwamba mwanafunzi hawezi kuhama. Amevaa sare, na mwalimu wa zamu yupo pale pale. Basi miguu ikinyamaza, soma macho na vidole, hasa vya mtoto ambaye zamu yake haijafika. Warsha ikiwa nzuri, utamkuta pembeni akigonga mdundo pajani bila kujijua. Ikiwa mbovu, kumi wanacheza na hamsini wanachora vumbini kwa vijiti.

Fika mapema. Onyesho la jioni hupendeza kila mahali, maana hakuna mzazi asiyempigia makofi mwanawe. Ukweli uko asubuhi, saa mbili, ngoma zinapotolewa stoo. Ngozi iliyolala kwenye unyevu hulegea na sauti yake hufifia. Asiyejua kazi huipiga vivyo hivyo kwa nguvu zaidi, na watoto hulazimika kupiga kelele ili wasikike. Kufika saa sita sauti zimekauka. Nilimwona fundi mmoja akiwasha moto mdogo wa mabua, akaigeuza ngoma taratibu huku akiigonga katikati, kisha ukingoni. Watoto aliwaambia wafumbe macho na kunyoosha mkono pale watakaposikia ngozi imekaza. Mikono ya kwanza ilinyooshwa mapema mno. Akatikisa kichwa, akaendelea kugonga. Ilipofika mara ya nne mikono ilipanda karibu pamoja, naye akaiondoa ngoma motoni. Robo saa nzima ilipita bila mtu kucheza hata hatua moja, na mpaka leo sijaona somo la muziki lililonikaa moyoni kama lile.

Halafu angalia mwezeshaji anaanzia wapi. Bugobogobo ni ngoma ya jembe, iliyotoka kwenye kulima pamoja kwa mdundo, na mtoto wa Usukumani anaujua mgongo wa mkulima kabla hajajua kusoma. Mwezeshaji mwenye jicho huwaambia walime kwanza, mikono mitupu, kama wako kwenye pamba nyumbani. Magoti yakishalegea na pumzi ikaingia mahali pake, ndipo anaileta ngoma ichukue kasi yao. Yule anayewapanga mistari iliyonyooka na kuhesabu moja, mbili, tatu, nne, anafundisha gwaride. Na akikumbuka wigashe, inayochezwa watu wamekaa, mwongezee alama: amemfikiria mtoto mwenye haya, na mwenye miguu isiyomtii.

Kwenye igizo swali ni moja tu: maneno ni ya nani? Mwaka 1996 Profesa Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha Tuseme, ambapo wasichana wa sekondari walitaja wenyewe matatizo yao, wakayachambua, ndipo wakayaigiza. Utaratibu huo unawezekana hata kwa saa mbili. Mchezo uliokuja mkobani umeshachapwa utautambua watoto wanapoimba sentensi zao kama kasuku, macho kwa mwalimu. Wakiachiwa, watachagua siku ambayo madawati yalibaki wazi kwa sababu ya kuchuma pamba, na mmoja atamwigiza bibi yake kwa Kisukuma mpaka walimu wenyewe waangue kicheko. Anayekikataza Kisukuma hapo amekiua kicheko, na igizo pamoja nacho.

Mwogope anayeahidi mengi. Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981 na sasa kinaitwa TaSUBa, watu wazima husomea fani hizi kwa miaka. Ratiba inayotaja ngoma tatu, igizo, ngonjera na sarakasi kabla ya saa kumi jioni inamdanganya mwalimu mkuu. Siku moja inatosha kufundisha kusikiliza, na mtoto akishajua kusikiliza atajifunza mengine kwa babu zake waliojaa pale pale kijijini. Kwa kweli, warsha isiyomwalika hata mzee mmoja mpiga ngoma wa jirani mimi huipunguzia nusu ya alama.

Mwalimu mkuu, kabla hujasaini barua ya shukrani, subiri kesho yake. Saa nne, wakati wa mapumziko, pita nyuma ya madarasa. Ukimkuta mtoto ambaye jana hakuifikia ngoma anapiga debe tupu, na wenzake wamemzunguka wanalima hewani, mwite tena mwezeshaji yule.