Pongezi kwa bendi za jazi na baa zilizozilea

Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Atomic Jazz ya Tanga: mji uliojiheshimu ulikuwa na jazi yake. Neno hilo halikumaanisha muziki wa New Orleans. Lilimaanisha bendi ya dansi, yenye magitaa yanayosemezana, tarumbeta na saksafoni zinazodakia, na mwimbaji anayetoa habari za mapenzi, ulevi na maisha ya mjini.

Bendi hizo zililelewa na baa. Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilichukua hata jina la baa ilikoanzia. Na kila bendi ilikuwa na mtindo wake: Western Jazz walikuwa na Saboso, Nuta Jazz wakawa na Msondo, Mlimani Park wakaja na Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Mtindo ulikuwa kama ukoo. Shabiki alitambulika kwa mtindo wake.

Pongezi nyingine ziwaendee mafundi mitambo wa Radio Tanzania Dar es Salaam. Walizirekodi bendi zikipiga kwa pamoja studioni, waimbaji na vyombo, na kanda zile zikawafikisha wanamuziki wa Tabora na Tanga kwenye kila redio ya mkulima. Naziona kuwa hazina ya taifa, sawa na nyaraka zozote za serikali.

Bendi za Msondo na Sikinde bado zipo. Ukisikia wanapiga karibu nawe, nenda, lipa kiingilio, kaa mpaka magitaa yachanganye.