Baba Anapoikataa Picha: Namna Larry Sultan Alivyoijenga Pictures from Home

Picha moja ya mwaka 1984 inamwonyesha mzee ameketi ukingoni mwa kitanda, suti mwilini, tai shingoni, macho yamekwenda mahali ambapo hatupaoni. Aliyepiga ni Larry Sultan wa California, aliyeketi ni baba yake mzazi, Irving, na picha inaitwa Dad on Bed. Ukiikuta peke yake ukutani utaimaliza haraka: mzee kastaafu, kavaa vizuri, hana pa kwenda. Lakini Sultan hakuiacha isomwe hivyo. Katika kitabu chake Pictures from Home, kilichotoka mwaka 1992 baada ya kazi ya takriban miaka kumi, aliandika pia maneno ya baba akiipinga: kila utakapoionyesha picha hiyo, waambie watu huyo mwenye huzuni kitandani si mimi, ni wewe mwanangu; kukusaidia nitakusaidia, ila tuelewane. Wengi hukisifia kitabu hiki kwa rangi na mwanga wake, na sifa hizo zinastahili. Mimi naona ufundi wake mkubwa uko kwingine. Sultan alibuni mpangilio unaowaruhusu waliopigwa picha kuzibishia picha zenyewe, na kwa sababu hiyo hamu ya utotoni inayokijaza kitabu haikugeuka kuwa sukari tupu.

Mpangilio huo una tabaka tatu: picha mgando zilizotolewa kwenye filamu za nyumbani za familia, picha za rangi alizopiga Sultan mwenyewe, na maandishi, yakiwemo mazungumzo ya wazazi wake. Hakuufikia kwa kubahatisha. Mwaka 1977 yeye na mwenzake Mike Mandel walitoa kitabu kiitwacho Evidence, walichokijenga kwa picha zilizochukuliwa kwenye hifadhi za kumbukumbu za idara za serikali na makampuni, kisha wakazichapa bila maelezo yoyote. Picha ya jaribio la wahandisi, ikishakosa maneno yake, hugeuka kitendawili. Kwa hiyo alipogeukia kwao alikuwa tayari anajua kwamba maana ya picha huhama pale maneno yanapoondolewa. Safari hii akafanya kinyume: akazirundikia picha maneno mengi kuliko zinavyoweza kubeba, tena maneno yasiyokubaliana.

Tabaka la filamu ndilo linalobeba utoto. Familia ya Sultan ilihama Brooklyn mwishoni mwa miaka ya 1940 ikahamia Los Angeles, na kama familia nyingi za Wamarekani wa enzi hiyo waliokuwa wanapanda ngazi ya maisha, ilijirekodi. Filamu ya nyumbani hupitisha fremu zaidi ya kumi kwa sekunde, na anayeitazama huona mwendo tu: mtoto anakimbia, mama anageuka, mtu anapunga mkono. Ukisimamisha fremu moja na kuikuza, mambo hubadilika. Chembechembe za filamu zinatokeza, rangi inavuja pembezoni, na mkono uliokuwa unapunga unabaki nusu njia, haujulikani unaaga au unazuia kitu. Jicho limefumba kidogo. Tabasamu halijakamilika, au ndiyo kwanza linaisha. Aliyeshika kamera wakati ule alikuwa anarekodi furaha. Aliyeisimamisha baadaye amepata sekunde ambazo hakuna aliyezikusudia. Sultan hakuongeza chochote katika picha hizi. Alichagua tu mahali pa kusimama, na uchaguzi huo unatosha kumfanya msomaji ajiulize kama utoto ule ulikuwa mtamu kama filamu ilivyodai.

Kisha zinakuja picha zake mwenyewe, na hapa hakuna ukungu hata kidogo. Katika Practicing Golf Swing ya mwaka 1986, Irving anajizoeza mkwaju wa gofu ndani ya sebule, juu ya zulia la kijani, nyuma yake pazia lililojaa jua, kando televisheni inawaka. Zulia limechukua nafasi ya uwanja, pazia limechukua nafasi ya mbingu. Ucheshi upo, lakini haumdhalilishi mzee, kwa kuwa mkwaju wenyewe ni wa mtu anayejua anachofanya. Katika My Mother Posing for Me ya mwaka 1984, mama yake, Jean, amesimama mbele ya ukuta wa kijani akimtazama mwanawe, na mumewe ametupa mgongo, anatazama mechi kwenye televisheni. Jina la picha linatoboa siri: mama amejipanga kwa ajili yangu. Mpigapicha mwingine angeficha jambo hilo ili tuamini tumechungulia maisha ya watu. Huyu analitangaza, na akishalitangaza tunaanza kusoma kitu kingine kabisa, yaani uhusiano wa watatu chumbani, mmoja akiwa nyuma ya lenzi. Mama anashirikiana naye, baba kajitoa kwa muda, na mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima bado anataka atazamwe.

Atatokea wa kusema kwamba picha iliyopangwa ni uongo, na kwamba familia husemwa vizuri na picha ya ghafla. Msomaji wa pwani yetu hapaswi kutishwa na hoja hiyo. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na vibanda vya wapigapicha waliokuwa karibu na kivuko cha Likoni, Mombasa, katika miaka ya 1990, vyote viliendeshwa kwa imani tofauti: mtu huenda studio kuonyesha anavyotaka kukumbukwa. Pazia lililochorwa meli halikumdanganya yeyote, maana kila mmoja alijua meli ile haiendi popote. Picha ya namna hiyo ni ushahidi wa matarajio. Mzee Irving anaelewa jambo hili pengine kuliko mwanawe. Alikuwa mtu wa mauzo aliyepanda hadi kuwa makamu wa rais katika kampuni ya nyembe ya Schick, kabla ya kuipoteza kazi hiyo. Suti kwake ilikuwa ahadi kwa anayemtazama. Kumkalisha kitandani na suti ile ni kuigeuza ahadi kuwa kejeli, na ndiyo maana alikasirika.

Pingamizi zito zaidi ni la mamlaka. Baba anapinga, sawa, lakini pingamizi lake nani kalichapa? Mwana. Nani kachagua lipi libaki na lipi litupwe? Mwana yule yule. Malalamiko ya mzee yamegeuzwa malighafi ya sanaa, na sifa kavuna mwingine. Hoja hii siwezi kuivunja yote. Sultan alikuwa na nia yake, na aliieleza: alianza mradi katika miaka ya urais wa Ronald Reagan nchini Marekani, wakati wanasiasa wahafidhina walipokuwa wakiinadi familia kama nembo ya taifa, naye alitaka kuitoboa hadithi hiyo. Mtu mwenye nia ya namna hiyo huja nyumbani kwao na hukumu mfukoni. Baba aliliona hilo. Mahali pengine analalamika kwamba mwanawe ana maslahi fulani katika kuwafanya waonekane wazee na waliokata tamaa kuliko wanavyojihisi.

Lakini tazama pingamizi hizo zimefanya nini kitabuni. Kama zingekuwa pambo, zingemwacha mpigapicha akiwa mnyenyekevu na picha zikiwa salama. Hizi zinaiumiza picha. Baada ya kusoma maneno ya Irving, huwezi tena kuitazama Dad on Bed kama ripoti kuhusu mstaafu. Inabidi uitazame kama madai ya mtoto kuhusu baba, na madai yanaweza kuwa na makosa. Mhariri anayetaka kushinda haweki ushahidi wa kumwangusha kando ya ushahidi wake mkuu. Sultan aliuweka, akakiri pia kwamba chini ya siasa zake kulikuwa na tamaa ya kitoto kabisa: wazazi wake wasife. Ukiyaunganisha mambo hayo mawili, hukumu na tamaa, unapata kitu ambacho albamu ya kawaida haikipati, kwa kuwa albamu ina msimulizi mmoja. Mitandaoni leo tunaona kila siku picha ya zamani ya mama imewekewa maneno matamu na mwanawe. Mama mwenyewe hajaulizwa alikuwa anawaza nini siku ile, na huenda viatu vilikuwa vinambana.

Sultan alifariki mwaka 2009. Mwaka 2023 kitabu kilipanda jukwaa la Broadway, New York, katika tamthilia ya Sharr White, Nathan Lane akiwa Irving. Ni uamuzi unaoeleweka, maana mabishano yalikwisha kuandikwa nusu. Hata hivyo mizani ya asili haiwezi kubaki ile ile. Kitabuni, baba ana maneno tu na mwana ana picha, na picha haijibu. Msomaji hulazimika kurudi ukurasa nyuma na kuangalia tena nani kasema kweli. Jukwaani, baba amepewa mwili, sauti na mwigizaji anayejua kuchekesha ukumbi. Picha ikiletwa mbele ya mtu wa namna hiyo, haina nafasi ya kumshinda.