AC Ikiwashwa na Mshale Ukapanda, Anza na Upepo

Dereva wa lori la tani tatu na nusu, injini ya dizeli, alifika gereji na lalamiko ambalo mafundi wa Dar es Salaam hulisikia kila msimu wa joto: "Fundi, nikiwasha AC tu, mshale wa joto unapanda." Fundi hakugusa spana. Aliuliza, "Unapanda ukiwa kwenye mwendo au kwenye foleni?" Kwenye foleni, akajibiwa, njia ikifunguka unashuka wenyewe.

Jibu hilo lilibeba nusu ya kazi, na inasikitisha kwamba magereji mengi hayaulizi. Lori linalochemsha likiwa kwenye kasi mara nyingi lina shida ya maji: rejeta imeziba kwa ndani, pampu imechoka, au gasketi ya hedi inavuja. Linalochemsha likisimama, kisha likapoa likikimbia, kwanza litazamwe upepo.

Kondensa ya AC imekaa mbele ya rejeta, na kazi yake ni kumwaga nje joto lililotolewa kwenye kabini. Tuseme hewa ya nje ina nyuzi 32 na ikipita kwenye kondensa inafika 45, huku maji ya injini yakiwa na 90. Rejeta iliyokuwa na tofauti ya nyuzi 58 sasa ina 45. Zaidi ya moja ya tano ya uwezo wake imekwenda, na bado kompresa inaitwisha injini mzigo wake. Lori zima linauhimili mzigo huo, maana mtengenezaji aliuhesabu. Likishindwa, kuna kitu kimeshakula akiba, na AC imekifichua tu. Ndiyo maana kuizima na kuendelea na safari ni hatari: upungufu uleule utajitokeza lori likipanda mlima Kitonga taratibu na shehena, injini inakamuliwa na upepo wa mwendo haupo.

Injini ilipopoa, fundi alizungusha feni kwa mkono. Feni ya lori lile haiendeshwi kwa umeme; inashikwa na klachi yenye mafuta mazito ya silikoni, na usoni ina springi inayohisi joto la hewa inayotoka kwenye rejeta. Hewa ikipata moto, springi inafungua vali, mafuta yanaingia, feni inashika na kuvuma. Hii ilizunguka kirahisi, raundi kadhaa kabla ya kusimama, na kwenye kitovu chake kulikuwa na utando mweusi wa mafuta ulionasa vumbi. Silikoni ilishavuja.

Wengi wangeishia hapo. Yeye alilegeza kondensa akamulika tochi kati yake na rejeta. Vumbi, nyasi na mbawa za wadudu vilikuwa vimeshikamana kama blanketi. Kwa mbele usingeona kitu, kwa sababu lori huoshwa mara kwa mara na maji ya presha ndiyo yaliyousukumia uchafu ndani. Akauosha kutoka upande wa injini kuja mbele, kwa presha ndogo, isije ikalaza mapezi.

Dereva alishauri themostati itolewe kabisa. Fundi alikataa, na namuunga mkono kwa moyo wote. Kwenye injini nyingi za dizeli, themostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita rejeta: mzigo ukiwa mdogo injini inakaa baridi mno, ukiwa mkubwa inachemsha zaidi.

Klachi mpya ikafungwa, pamoja na mfuniko wa rejeta, kwani raba ya ule wa zamani ilikauka. Mfuniko ukishika presha ya bar 1, maji huchemka karibu na nyuzi 120. Usiposhika, karibu na 100. Kisha lori likaachwa juani mchana, limesimama, injini inanguruma na AC iko mwisho. Feni ilivuma, mshale ukabaki katikati. Presha ya gesi ya AC upande wa juu, ambayo mwanzoni geji ilionyesha iko juu mno, ilishuka yenyewe upepo uliporudi. Fundi aliyeanza na geji hiyo angedhani gesi imezidi, akaipunguza.