Makubaliano ya Kukiri Kosa na Haki ya Walii wa Damu

Marekebisho ya mwaka 2019 ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai yalimruhusu mwendesha mashtaka kuafikiana na mshitakiwa akiri kosa na kupata nafuu, baada ya kushauriana na aliyedhulumiwa au mpelelezi, hali ikiruhusu. Tunalihoji neno hilo "au". Mkulima au mfugaji wa Bonde la Kilombero akiuawa kwa chuki ya kabila, je, atosheke mpelelezi, na mjane aliyeko Ifakara asiulizwe? Suratul-Baqara, aya ya 178, imewapa mawalii wa damu nafasi ya kusamehe na kudai diya. Imam Malik aliona mauaji ya hila hayasamehewi na warithi. Imam Shafi'i aliwaachia wao. Hakuna kati yao aliyempa mtumishi wa dola msamaha huo ilhali walii yupo. Basi jamaa waulizwe kwanza, kisha mahakama ipime maslahi ya umma. Wallahu a'lam.