Bahati yenye mbegu: spidirani za zamani kwa jicho la agronomu

Wasomi wenzangu, kuna swali linarudi kila mara tukitazama video za spidirani, zile mbio za kumaliza mchezo wa zamani kwa muda mfupi kabisa: mchezaji akiisha kujua bahati itaangukia wapi, bado anacheza ao anadanganya? Mimi ninasema anacheza. Lakini niko na lawama mbili tatu.

Tuanze na mashine yenyewe. Konsoli za miaka ya 1980 na 1990 hazina bahati, ziko na hesabu tu. Namba ya kwanza inazaa ya pili, ya pili inazaa ya tatu. Ile ya kwanza inaitwa mbegu, na agronomu hawezi kukataa jina hilo. Tofauti ni kwamba shambani kuna mvua na wadudu. Ndani ya konsoli mbegu ileile, kwa mkono uleule, inatoa mavuno yaleyale kila siku.

Katika Final Fantasy ya mwaka 1987, maadui wa njiani wanafuata orodha ya namba 256 iliyo ndani ya kaseti. Ukizima na kuwasha, usomaji unaanza tena mwanzoni. Basi mchezaji anajua ni hatua gani italeta vita. Pokémon Red ya Game Boy (Japani, 1996) ni ngumu zaidi, juu inategemea kihesabio kinachopiga mara 16,384 kwa sekunde. Mchezaji anahifadhi mchezo, anawasha upya, anabonyeza kwa wakati uliopimwa, halafu anafuata njia aliyokariri ndani ya pango la Mt. Moon, na popo wale wasumbufu hawatoki. Picha inabadilika karibu mara 60 kwa sekunde. Akichelewa kwa picha moja tu, njia yote inaweza kuharibika.

Hapo lawama yangu ya kwanza. Kazi hiyo ikifaulu, kwa mtazamaji ni baridi kabisa. Unaona mtu anatembea pangoni na hakuna kinachotokea. Kazi ya miezi inaonekana kama matembezi. Ya pili ni kwa watangazaji: wengine wanasema tu "ana bahati", kumbe bahati ndiyo kitu kilichoondolewa. Utamu uko pale mambo yanapoharibika. Adui asiyetarajiwa anatokea, mchezaji mzuri anasoma kutoka kwake amekosea kwa picha ngapi, na palepale anahamia njia ya akiba. Hapo ndipo ninaona mtu anajua udongo wake, si kukariri tu.

Kuhusu udanganyifu, tulinganishe na kesi ya Dream katika Minecraft, mwaka 2020. Si mchezo wa zamani, lakini inafundisha. Katika mabadilishano 262 alipata lulu mara 42, wakati mchezo wa kawaida unatoa chini ya mara 5 kwa 100. Wasimamizi walikataa rekodi yake. Mwaka 2021 alikubali kwamba programu iliyobadilisha mchezo ilikuwemo, akasema hakujua. Yule wa Pokémon amesoma mizani. Huku, mizani yenyewe iliguswa.

Na siye wa agronomia tunaijua tofauti hiyo. Tangu Ronald Fisher alipochapisha The Design of Experiments mwaka 1935, tiraji ya vitalu imekuwa sheria: ukijaribu aina tatu za muhogo katika bonde la Ruzizi, si wewe unayechagua ipi ipewe udongo mzuri. Kompyuta ikifanya tiraji, unaandika mbegu yake ili mwingine aweze kurudia. Wakimbiaji wa mchezo wanafanya vilevile: njia zao wanazitangaza, na mwenye konsoli na subira anaweza kujaribu.

Sasa jambo linalonisukuma kuandika. Kuna watu wanauzia vijana programu za "kutabiri" ule mchezo wa kamari wa ndege inayopanda kwenye simu. Hoja yao ni hii hii: bahati ya mashine ni hesabu, basi inasomeka. Mtu aliyetazama spidirani anaweza kuamini haraka. Lakini konsoli yote iko mikononi mwako. Unaizima, unaiwasha, mbegu inarudi. Ya kamari inatengenezwa kwenye seva ya mbali. Ukizima simu yako, hakuna kinachoanza upya isipokuwa simu yako. Na muuzaji huyo, muulizeni swali moja tu: kama anaona ndege itaanguka lini, juu ya nini anahangaika kutafuta dola zako tano?

Kwa hiyo tazameni spidirani, zinafaa. Ila kila mara mtu akikwambia bahati inasomeka, uliza kwanza mbegu iko wapi, na nani anaishika.