Mstari Ulionyooka wa Toronto

Kichwa cha makala hakimvutii mtu. Kinatangaza kipimo cha moja kwa moja cha jinsi seli za kawaida za uboho wa panya zinavyodhurika kwa mionzi, basi. Waandishi ni wawili: James Till, mwanafizikia aliyehamia kwenye elimu ya viumbe, na Ernest McCulloch, daktari wa magonjwa ya damu, wote wa Taasisi ya Saratani ya Ontario mjini Toronto. Ilitoka Februari 1961 katika jarida la Radiation Research, kurasa 10 tu. Leo inahesabiwa kuwa mlango wa elimu ya seli shina, lakini anayeifungua akitarajia vigelegele vya uvumbuzi atakutana na panya, sindano na hesabu.

Wanafunzi wetu wa fasihi hufundishwa kutenga fani na maudhui, kisha huambiwa kwamba viwili hivyo havitengani. Makala hii ni mfano mzuri wa jambo hilo. Ugunduzi wake umekaa kwenye umbo kuliko kwenye kauli yoyote ya waandishi.

Msuko ni mfupi. Panya anapigwa mionzi ya kutosha kuua uboho wake. Akiachwa hivyo, anakufa. Anadungwa mshipani seli za uboho kutoka kwa panya mzima. Siku kama 10 baadaye anachinjwa, bandama yake inatolewa, na juu yake vinaonekana vinundu vya kuhesabika kwa macho matupu. Ndani ya vinundu vingi mna seli changa za damu za aina mbalimbali: za kuwa chembe nyekundu, za kuwa chembe nyeupe, na zile kubwa zinazozaa chembe sahani.

Nani aliviona kwanza? Inasimuliwa kwamba McCulloch alikwenda maabara Jumapili moja ya mwaka 1960 kuwakagua panya, akaviona vile vinundu, akalinganisha idadi yake na idadi ya seli walizodungwa, kisha akampelekea Till mchoro wake. Kisa kitamu, na kila anayeandika habari zao huanzia hapo. Kwenye makala Jumapili hiyo haimo. Hamna aliyeshangaa, hamna aliyemwita mwenzake. Wengine huuita uandishi huo mkavu. Mimi naona umefanya kazi maalumu: umemwondoa shahidi ili ushahidi usimame peke yake, na nafasi ya shahidi ikachukuliwa na grafu.

Grafu hiyo ndiyo moyo wa maandishi. Upande mmoja kuna idadi ya seli zilizodungwa, upande wa pili idadi ya vinundu. Seli zikiongezwa maradufu, vinundu navyo vinaongezeka maradufu. Kwa wastani kinundu 1 kwa takriban kila seli 10,000. Mstari umenyooka. Msomaji asiye na haraka na asimame hapa, maana unyoofu huo ni hoja nzima. Ingekuwa kinundu kinahitaji seli mbili zikutane na kushirikiana, basi kuongeza seli maradufu kungezidisha vinundu kama mara nne, na mstari ungepinda kwenda juu. Haukupinda. Kwa hiyo yaelekea kila kinundu kilianzia mahali pamoja, na mwanzilishi ni mmoja adimu kati ya maelfu.

Yaelekea, lakini haijathibitika. Seli zikisafiri kwa vibonge, kila kibonge kikazaa kinundu chake, mstari utanyooka vilevile. Grafu inanong'ona mambo ambayo haiwezi kuyaapia, na hapo ndipo taharuki ya makala hii kavu ilipo: msomaji anaachwa na swali ambalo mbinu ile haiwezi kulijibu.

Jibu lilikuja Februari 1963 katika Nature, kwa kurasa 3, na jina la kwanza ni la mwanafunzi, Andrew Becker. Kwa ufundi wa muundo, hii ndiyo naipenda zaidi. Baada ya kudunga seli, aliwapiga panya mionzi tena, safari hii kwa kiasi cha kuvunjavunja kromosomu za baadhi ya seli bila kuziua. Mvunjiko wa namna hiyo hutokea ovyo, na ni vigumu seli mbili kuupata kwa sura moja. Baadaye, katika baadhi ya vinundu, karibu kila seli iliyoweza kukaguliwa ilionekana na kovu lilelile. Basi ni ukoo mmoja, mzazi mmoja. Mionzi iliyokuwa muuaji katika makala ya kwanza, hapa inapiga muhuri wa nasaba. Mtunzi wa riwaya angejivunia mgeuko kama huo.

Mwaka huohuo Louis Siminovitch aliungana nao, na fani ikageuka. Walichukua kinundu kimojakimoja, wakakisaga, wakazidunga seli zake kwa panya wapya waone kama vitazuka vinundu vingine. Vilizuka, maana yake mwanzilishi anaweza kujizalisha mwenyewe. Lakini idadi zilitawanyika vibaya: vinundu vingi vilitoa vichache au havikutoa kabisa, na vichache vikatoa vingi mno. Mwandishi mwoga angetafuta wastani na kuufunika mtawanyiko. Hawa waliufanya mtawanyiko wenyewe kuwa habari.

Mwaka 1964 walitoa kielelezo cha hisabati cha matokeo hayo, na seli shina hatimaye zikatajwa kwenye kichwa cha makala. Kila seli, wakasema, ama inajigawa na kubaki ilivyo, ama inakomaa na kutoka mchezoni, na hakuna ajuaye mapema ni ipi itafanya lipi. Kinachojulikana ni uwezekano tu. Walipoigiza mchezo huo kwa namba za bahati nasibu, mtawanyiko uliopatikana ulifanana na ule wa panya. Ni kazi ya kijasiri, ila ina upungufu wake: bahati nasibu inaeleza umbo la jedwali bila kugusa kinachoamua ndani ya seli yenyewe. Hilo waliachiwa wataalamu wa jeni, nao hawajaacha kubishana.