Ubao wa Tanga na Wanagenzi Wake

Katikati ya miaka ya 1980 majaji wa Mahakama ya Rufani ya Uingereza walikalia shauri ambalo kwa juu juu lilikuwa la biashara tu: nani mwenye haki ya kuuita ubao wa tanga mali yake? Hoyle Schweitzer wa California, pamoja na Jim Drake, mhandisi wa ndege, walikuwa wameombea haki miliki ya chombo hicho mwaka 1968, na kampuni ya Schweitzer ikawa inawaandama wote waliounda mbao za namna hiyo bila idhini. Upande wa pili ukaleta habari za Peter Chilvers, ambaye mwaka 1958, akiwa mtoto wa miaka 12, alijiundia ubao wake na kuuendesha katika kisiwa cha Hayling, kusini mwa Uingereza. Vijiti vyake vya kushikia tanga vilikuwa vimenyooka, lakini upepo ulipojaa vilijipinda vyenyewe kama upinde. Majaji wakaona yatosha, na haki miliki ikabatilishwa.

Kisa hiki husimuliwa na wanasheria kwa sababu zao. Kinafaa pia kusimuliwa kwa sababu nyingine: mchezo ambao leo hulalamikiwa kuwa ni wa matajiri na wa mabingwa, miongoni mwa waanzilishi wake yumo mtoto wa shule aliyechezea pwani ya kisiwa, kwa ubao wa kuokoteza na tanga la kushonea nyumbani. Mmarekani mwingine, Newman Darby, naye alikwisha kuunda wake mwaka 1964 na kuchapisha maelezo yake mwaka uliofuata, ili yeyote mwenye msumeno aweze kuiga. Mlango, basi, tangu mwanzo ulikuwa wazi. Nani aliyeurudisha?

Kwanza ifahamike sanaa yenyewe. Ubao wa tanga hauna usukani. Mlingoti umeunganishwa na ubao kwa kiungo kinachoinama pande zote, na mwendeshaji hulishika tanga kwa mikono yake. Akiulaza mlingoti kuelekea tezi, omo huugeukia upepo. Akiulaza kuelekea omo, ubao hupuruka na upepo. Nahodha wa ngalawa hahitaji mkalimani wa maelezo haya. Yote anayoyajua kuhusu kubisha, na kuhusu tanga linalopigapiga pindi chombo kinapoupanda mno upepo, yamo humo. Tofauti ni kwamba katika ngalawa maarifa hayo hupitia katika kamba na shikio, na katika ubao hupitia katika mabega, kiuno na nyayo.

Ubao wa kwanza wa Schweitzer ulikuwa na urefu unaokaribia mita 3.7 na uzito wa kilo 27 hivi. Ulikuwa gogo. Lakini gogo hilo lilikuwa na fadhila ambazo vyombo vilivyolifuata vilizipoteza moja baada ya moja. Lilielea na mtu akiwa amesimama juu yake hata pasipo upepo. Lilikuwa na ubao wa kati unaozamishwa majini, hata mwanagenzi aliyechukuliwa na maji upande wa chini wa upepo aliweza kubisha na kurudi alikotoka badala ya kuvutwa kwa boti. Upepo mwepesi wa ziwani ulilitosha. Ndiyo maana katika miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980 mchezo huu ulienea Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi kama moto wa makuti. Baba, mama na watoto walipokezana ubao mmoja siku za mapumziko. Mwaka 1976 Robby Naish alitwaa ubingwa wa dunia akiwa na miaka 13. Mwaka 1984 mchezo ukaingia Olimpiki huko Los Angeles, na Stephan van den Berg wa Uholanzi akaondoka na dhahabu.

Kisha ikaja picha. Hapana neno jingine linalofaa zaidi. Huko Hawaii, vijana waliobuni mikanda ya kushikizia miguu mwishoni mwa miaka ya 1970 walianza kuruka juu ya mawimbi makubwa, na wapiga picha wakawa wanawangoja ufukweni. Majarida yote ya mchezo yakajaa mtu mmoja hewani, kichwa chini, bahari ya samawati nyuma yake. Ni picha nzuri, na uzuri wake ndio uliodhuru. Mbao zikakatwa fupi ili kuifuata picha hiyo: ubao mwepesi, mwembamba, usioweza kumchukua aliyesimama mpaka upepo wa nguvu uje kuuinua uteleze juu ya maji. Kwa Hawaii, ambako upepo ni wa kila siku, ilikuwa neema. Kwa ziwa la Bavaria ilikuwa ni kumuuzia mtu kiatu ambacho mguu wake hauingii. Aliyenunua chombo cha picha alikaa ufukweni Jumamosi nzima akiutazama mti usiotikisika jani.

Wajuzi wa ushairi wanaufahamu ugonjwa huu. Malenga anayetungia malenga wenzake tu, akayafumba mafumbo mpaka yasifumbuke, hupewa heshima kubwa na kikao kidogo. Wenzake humsifu, vijana humpita njiani. Ubao wa tanga ulikuwa umefikia hapo katika miaka ya 1990, na haukupaswa kustaajabu mshindani alipotokea. Ndugu wawili Wafaransa wa Brittany, Bruno na Dominique Legaignoux, walikuwa na haki miliki ya tiara ya kujazwa pumzi tangu mwaka 1984. Tiara zao zilipoanza kuuzwa mwaka 1997, vijana wakaona kuwa zana nzima yaingia katika mkoba mmoja. Mwezi wa Mei 2012 shirikisho la kimataifa la mbio za matanga likapiga kura kuuondoa ubao wa tanga katika Olimpiki ya 2016 na kuiweka tiara mahali pake. Uamuzi huo ulitenguliwa mwezi wa Novemba mwaka huohuo. Lakini mchezo unaoweza kuondolewa kwa kura ya siku moja umekwisha kuonyesha upungufu wa ndugu na jamaa.

Wakati Ulaya ikilalamika, visiwa vilikuwa vinatenda. Lee Lai-shan, aliyeipatia Hong Kong dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki huko Atlanta mwaka 1996, ni binti wa kisiwa cha Cheung Chau, kisiwa cha wavuvi, na aliufahamu ubao kwa mjomba wake aliyekuwa na kituo cha mchezo huo pwani. Bonaire, kisiwa cha Karibi chenye watu wasiofika 30,000, kimetoa kina Taty Frans na Kiri Thode, waliokua kando ya maji ya magoti ya ghuba ya Lac, ambako zana ziliwekwa kwa ajili ya wageni na watoto wa pale wakazizoea. Margarita ya Venezuela imemtoa Gollito Estredo, kijana wa kijiji cha El Yaque aliyekuwa bingwa wa dunia wa mitindo huru mara nyingi kuliko mwanamume yeyote wa zama zake. Aruba imemtoa Sarah-Quita Offringa, ambaye mataji yake yamepita kumi. Hawa hawakuvutwa na picha. Walivutwa na ubao uliokuwa karibu, maji yasiyoua, na mtu mzima aliyesema: haya, chukua, ila urudishe.

Ni kweli kwamba wenye viwanda nao walijirudi. Tangu miaka ya 2000 zipo mbao pana zinazotulia kama jamvi, na matanga ya watoto yasiyozidi mita mbili za mraba ambayo mtoto wa miaka minane huyanyanyua kutoka majini bila kuumia mgongo. Hata gogo la Schweitzer limefufuliwa kwa umbo jepesi zaidi, nalo linapendwa. Huenda hilo ndilo jambo la busara kuliko yote yaliyotendwa katika mchezo huu kwa miaka thelathini. Ilhali Olimpiki imekwenda upande mwingine. Mwaka 2024, katika maji ya Marseille, mbao ziliruka juu ya bahari zikiegemea bawa lililo chini ya nguzo inayokaribia mita moja. Kwa mtazamaji ni jambo la kushangaza: chombo kikubwa kinapita kimya, hakigusi maji. Kwa mwanagenzi wa pwani yenye miamba ni chombo kisichosogea, maana bawa hilo litakwama katika matumbawe kabla tanga halijajaa.

Hapa ndipo mjadala unapofika Unguja. Rasi ya mashariki, kutoka Paje hadi Jambiani, ina kila kitu alichokitaja msifiaji wa Bonaire: mwamba unaovunja mawimbi, maji mafupi, kusi ya Juni hadi Septemba na kaskazi inayovuma tangu Disemba. Na kweli anga la Paje limejaa tiara, na vijana wa Kizanzibari wapo miongoni mwa wanaofundisha. Asiwepo wa kuwabeza. Wameingia mlango uliokuwa wazi. Lakini tiara ina masharti yake. Huhitaji nafasi pana, huhitaji siku za mafunzo kabla ya mtu kusimama, na kamba zake zikimponyoka asiyejua ni hatari kwake na kwa wengine. Katika lago hilohilo, tangu mwaka 1989, wanawake wamefunga mwani kwenye vigingi na kamba. Tiara na shamba la mwani ni majirani wasioelewana kwa urahisi.

Ubao wa tanga ni jirani mpole zaidi, na kwa mtoto wa pwani si mgeni. Watoto wa vijiji hivi huchonga vingalawa, huvitia mrengu na tanga la mfuko wa plastiki, huvishindanisha maji yakijaa, na hubishana kwa ukali wa manahodha kuhusu tanga lipi limekatwa vibaya. Mtoto huyo, akipewa ubao mpana na tanga dogo, hafundishwi upepo. Anaonyeshwa mahali pa kuweka miguu. Kinachosikitisha ni kwamba tangazo la mchezo, popote linapobandikwa katika hoteli za mwambao, humwonyesha mgeni peke yake juu ya maji, kana kwamba pwani ilikuwa tupu kabla hajashuka.

Kikwazo cha kweli ni maji kupwa. Bamvua linapovuta, lago lote la mashariki hubaki mchanga na majani, na pezi la ubao hukwaruza chini. Zinabaki saa chache za maji kujaa, nazo hubadilika kila siku, na aghalabu huangukia wakati wa shule au wa chuo. Atakayewatakia mema wanagenzi itambidi aanze na kalenda ya mwezi kabla ya kuagiza zana. Ikifika Ijumaa ambayo maji hujaa alasiri na kusi imetulia kidogo, ubao mmoja huwatosha watoto kumi, kwa zamu, na mkubwa mmoja aliyesimama majini kiunoni upande wa chini wa upepo.